Sauti Inayotoka Jukwaani

 Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie ubaguzi wa rangi viwanjani. Niliwaomba radhi waandaaji, nikaipunguza mada. Shabiki anayesimama jukwaani na kumlilia mwenzake kama nyani hanipi shida kumwelewa. Watu wa namna hiyo tunawafahamu, na sheria inawafahamu. Anayenipa shida ni yule bwana wa suti, mwenye ofisi ya ligi, ambaye usiku huohuo au kesho yake asubuhi ni lazima aseme neno. Nataka tumtazame huyo. Anasema nini, anamwambia nani, na kabla hajafungua kinywa mkono wake unakwenda wapi.

Jumapili ya tarehe 21 Mei 2023, saa moja na nusu usiku kwa saa zetu, nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja huko Temeke. Valencia walikuwa nyumbani, Mestalla, wakicheza na Real Madrid. Real hawakuwa na la kugombea, maana Barcelona walishatwaa ubingwa wiki moja kabla. Valencia ndio waliokuwa wakihaha wasishuke daraja. Mechi ya namna hiyo kibandani huwa ni ya wenye mikeka yao. Wengine huja kwa kuwa nyumbani hakuna umeme.

Baada ya dakika ya 70, Vinícius Júnior, winga wa Real, Mbrazili mweusi, aliacha mpira akaenda hadi karibu na jukwaa la nyuma ya goli. Akanyoosha kidole. Alikuwa akimwonyesha mtu mmoja: huyu hapa, ndiye huyu. Refa akasimamisha mchezo, likasomwa tangazo la kuwaonya watazamaji, kisha mpira ukaendelea. Dakika za nyongeza zikawa ndefu. Ukazuka mzozo langoni, mchezaji wa Valencia akamkaba Vinícius shingoni kwa nyuma, naye katika kujinasua akampiga mkono usoni. Refa akaitwa kwenye televisheni ya VAR. Akaonyeshwa ule mkono tu. Ile kabali hakuonyeshwa. Kadi nyekundu.

Valencia walishinda 1-0. Aliyetukanwa ndiye aliyetolewa nje. Siku mbili baadaye kamati ya mashindano ya shirikisho la soka la Hispania iliifuta kadi ile, ikieleza kwamba refa alinyimwa sehemu ya picha na hivyo akahukumu asichokiona chote. Naomba hilo la picha iliyokatwa tuliweke kiporo.

Usiku uleule Vinícius aliandika mtandaoni. Alisema si mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Kwamba katika ligi ile ubaguzi umekuwa jambo la kawaida. Na kwamba mashindano yaliyokuwa ya akina Ronaldinho, Ronaldo, Cristiano na Messi sasa ni ya wabaguzi. Maneno ya kijana wa miaka 22 aliyetoka kutukanwa.

Javier Tebas, rais wa La Liga tangu 2013, alimjibu hapohapo, hadharani. Tebas kwa kazi yake ya asili ni mwanasheria, na alijibu kama mwanasheria aliyechokozwa. Alimwambia, kwa ufupi, kwamba ligi ilijaribu kumweleza kazi zake na mipaka yake, lakini yeye hakufika kwenye miadi miwili aliyoiomba mwenyewe. Na kwamba kabla ya kuikosoa na kuitukana La Liga, ajielimishe kwanza.

Tazameni kitenzi kile. Kuitukana La Liga. Saa chache baada ya mtu kuitwa nyani uwanjani, rais wa ligi alihesabu matusi ya usiku ule na kukuta kwamba aliyetukanwa ni ligi. Sidhani alikuwa mwovu. Nadhani alikuwa mkweli kuliko alivyokusudia, maana alituonyesha analinda nini. Siku chache baadaye, dunia ilipokuwa imemgeukia, rais Lula wa Brazil amekwishasema kutoka Hiroshima alikokuwa kwenye mkutano wa wakubwa, na taa za sanamu ya Kristo pale Rio de Janeiro zimezimwa kwa saa nzima, Tebas aliomba radhi kwa namna alivyoeleweka. Namna alivyoeleweka! Huo nao ni msamaha wa kisheria.

Lakini nisimwonee. Katika hoja yake mlikuwa na ukweli, na ukweli huo hausemwi sana vibandani. Kwa sheria ya Hispania ya 2007 inayohusu vurugu na ubaguzi michezoni, ligi haina rungu la kuifungia klabu jukwaa kwa sababu ya mashabiki. Kamati za shirikisho na vyombo vya serikali ndivyo vyenye rungu. Ligi hukusanya ushahidi, huandika malalamiko, hupeleka. La Liga ilikuwa imepeleka malalamiko kadhaa kuhusu Vinícius peke yake. Moja lilihusu Septemba 2022, mashabiki wa Atlético walipokusanyika nje ya uwanja wao na kumwimbia kwamba yeye ni nyani. Waendesha mashtaka wa Madrid walilifunga jalada. Walisema wimbo ule ulidumu sekunde chache, na uliimbwa katika joto la mechi ya watani wa jadi. Mtu aliyebeba mafaili kama hayo ofisi hadi ofisi akarudishiwa, halafu usiku mmoja akaambiwa na mchezaji kwamba hafanyi kitu, ana haki ya kukasirika.

Basi Tebas alikuwa sahihi kwenye sheria. Ila yale ya kukosa mamlaka yana tundu, nami nalijua lilipo. Liko Vallecas.

Tarehe 15 Desemba 2019, daraja la pili la ligi hiyohiyo, rais ni huyohuyo. Pale Vallecas, Rayo Vallecano walikuwa wakicheza na Albacete, ambao walikuwa na mshambuliaji wa Ukraine, Roman Zozulya. Mashabiki wa Rayo walimwimbia kwamba ni Mnazi. Mapumziko yalipofika, mechi haikurudi. Ilivunjwa, na kipindi cha pili kikaja kuchezwa Juni 2020 bila watazamaji. La Liga ilitoa tamko siku ileile kuunga mkono uamuzi huo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mechi ya soka la kulipwa la Hispania kuvunjwa kwa sababu ya matusi ya jukwaani, na aliyetukanwa alikuwa mzungu aliyeitwa Mnazi. Samuel Eto'o wa Barcelona, Februari 2006, pale Zaragoza, alitaka kutoka uwanjani kwa milio ya nyani. Refa, wachezaji wenzake, wapinzani na kocha wake Rijkaard walimzunguka na kumbembeleza abaki. Alibaki, wakaendelea. Kwa hiyo mechi inaweza kusimama. Hakuna aliyemtafuta Zozulya kumwambia ajielimishe.

Hapa nichepuke kidogo, kwa sababu kuna mtu ataniuliza: kwani nyani ana nini? Katika Kiswahili nyani ana methali zake, tunaambiana kwamba haoni kundule, tunacheka, maisha yanaendelea. Kuna vijana kibandani usiku ule walicheka. Ulaya na Marekani neno hilo lina nyumba yake. Septemba 1906 mtu aitwaye Ota Benga, Mbuti kutoka Kongo, aliwekwa katika banda la nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakalipa nauli kwenda kumwona. Mwaka 1916 alijiua kwa risasi huko Virginia. Anayelia kama nyani jukwaani huenda hajawahi kulisikia jina la Ota Benga. Lakini utani ule hakuubuni yeye, aliurithi, na anayeusikia uwanjani ameurithi kutoka upande wa pili wa wavu.

Turudi kwa mabwana wetu. Sasa twende Italia, ambako nadhani ndiko siri ilikotoka nje.

Septemba 2019 Romelu Lukaku, aliyezaliwa Ubelgiji na wazazi Wakongo, aliifungia Inter penalti pale Cagliari huku milio ya nyani ikimfuata. Uwanja wa Cagliari haukuwa mgeni wa mambo hayo. Aprili 2017, Sulley Muntari wa Ghana, akiichezea Pescara, alimlalamikia refa kwamba anabaguliwa. Refa akampa kadi ya njano kwa kulalamika. Muntari akatoka uwanjani mwenyewe, akaongezewa ya pili. Jaji wa michezo hakuiadhibu Cagliari, akieleza kwamba waliozomea walikuwa kama kumi tu. Mara hii, kwa Lukaku, Cagliari haikuadhibiwa pia. Kilichoshangaza wengi ni kwamba wakereketwa wa Inter yenyewe, wale wa jukwaa la kaskazini, walimwandikia Lukaku barua ya wazi wakimtuliza: Waitaliano si wabaguzi, ni mbinu tu ya kumtoa mpinzani mchezoni, asiichukulie vibaya.

Mwezi huohuo wa Septemba, katika kikao cha ndani cha Serie A, mkurugenzi mtendaji wa ligi Luigi De Siervo alisema jambo, na kuna mtu alikuwa akirekodi. Gazeti la La Repubblica lilikuja kuitoa sauti hiyo Desemba. Alichowaambia wakubwa wenzake ni kwamba ameagiza vipaza sauti vilivyoelekezwa kwenye majukwaa ya wakereketwa vizimwe, ili milio ile isisikike kwenye televisheni.

De Siervo alilalamika kwamba maneno yake yametolewa nje ya muktadha. Mimi naona yametolewa ndani, ambako ndiko yalikokuwa. Maana mwendesha ligi anauza nini? Anauza picha na sauti. Anaziuza Milano, anaziuza Singapore, anaziuza kwetu. Shilingi ninayolipa mlangoni pa kibanda, baada ya kukatwa na wengi njiani, kipande chake kinafika kwake. Kelele za uwanjani ni sehemu ya bidhaa. Sauti ikioza, mfanyabiashara hufanya anachofanya mwenye genge nyanya zikioza: huzigeuza upande mzuri uwe juu. Mkono unakwenda kwenye kitufe kabla akili haijafika kwa mchezaji.

Desemba hiyohiyo, kana kwamba mwezi haukumtosha, De Siervo alizindua kampeni ya ligi dhidi ya ubaguzi. Kampeni ilipambwa kwa michoro mitatu ya msanii Simone Fugazzotto. Michoro ya nyani. Nyuso tatu za nyani zimepakwa rangi, ujumbe ukiwa kwamba sote ni nyani. Siku ya kwanza aliitetea, siku ya pili akaomba radhi. Sina la kuongeza, nisije nikaharibu.

Ulaya si peke yake. Australia wana mpira wao wenyewe, wa umbo la yai, na ligi yake, AFL, ndiyo inayojaza viwanja vya Melbourne. Adam Goodes wa Sydney Swans, mzawa wa asili wa nchi ile, alikuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2003 na 2006, na mwaka 2014 taifa likamtunuku kuwa Mwaustralia wa Mwaka. Mei 2013 msichana wa miaka 13 jukwaani alimwita nyani. Goodes alimwonyesha kwa kidole, msichana akatolewa uwanjani, kisha yeye mwenyewe akawaomba watu wasimshambulie mtoto, wamsaidie. Siku chache baadaye rais wa klabu aliyoishabikia msichana yule, Eddie McGuire, akafanya mzaha redioni wa kumhusisha Goodes na King Kong.

Halafu ikaja 2015, na hapa ndipo pagumu. Kila Goodes alipogusa mpira, viwanja vilizomea. Havikulia kama nyani. Vilizomea tu, kama zinavyozomewa timu pinzani Taifa au Kasarani. Wazomeaji walisema: hatumpendi anavyocheza, ni haki yetu tuliyolipia tiketi. Wakuu wa AFL wakasikiliza zomeazomea ile wiki baada ya wiki, wakijiuliza kama huo ni ubaguzi au ni ushabiki. Tebas alisema sana. Gillon McLachlan, mkuu wa AFL, alisema kidogo na kwa kuchelewa. Goodes alichoka. Septemba 2015 aliondoka mchezoni baada ya mechi 372, na akakataa ile desturi ya wastaafu ya kuzungushwa uwanjani siku ya fainali. Mwaka uliofuata McLachlan alikiri kwamba walichelewa. Juni 2019, filamu inayoonyesha picha na sauti za misimu ile ilipokaribia kutoka, ligi na klabu zake zote 18 zilimwomba Goodes radhi kwa pamoja, bila masharti. Miaka minne ilipita. Sauti ni zilezile. Tofauti ni kwamba safari hii mtu mwingine alikuwa amezikusanya mahali pamoja na kuzifungulia.

Nitapita haraka kwa UEFA na FIFA, si kwa heshima bali kwa kukosa subira. Kwenye Euro ya 2012 UEFA ilimtoza Nicklas Bendtner wa Denmark yuro 100,000 kwa kuonyesha chupi yenye tangazo la kampuni ya kamari ambayo haikulipa udhamini. Kwenye mashindano hayohayo Croatia ilitozwa yuro 80,000 kwa fataki na kwa milio ya kibaguzi dhidi ya Mario Balotelli. Hesabu mnaijua. Sepp Blatter, Novemba 2011 akiwa rais wa FIFA, alisema ubaguzi baina ya wachezaji unaweza kumalizwa kwa kupeana mikono mwisho wa mechi. Mrithi wake, Gianni Infantino, alipeleka Bangkok mwaka 2024 ishara ya kupishanisha mikono vifundoni, ambayo mchezaji ataitumia kumjulisha refa kwamba anabaguliwa. Ni afadhali. Lakini Vinícius pale Mestalla hakukosa ishara. Alikuwa na kidole, nacho kilielekea kwa mtu.

Je, yupo aliyefanya vizuri? Nitataja mmoja, kwa tahadhari. Aprili 2023, nusu fainali ya Kombe la Italia, Lukaku alifunga penalti dhidi ya Juventus huku akitukanwa. Alishangilia kwa kusimama wima, mkono mmoja kichwani kama saluti, kidole cha mwingine mdomoni. Refa akampa kadi ya pili ya njano. Rufaa zikaenda: adhabu ya kufungiwa jukwaa la Juventus ikafutwa, ya Lukaku ikabaki. Hapo rais wa shirikisho, Gabriele Gravina, akachukua mamlaka ya msamaha ambayo kanuni humpa na hutumika kwa nadra sana, akamfutia Lukaku adhabu. Hakuandika insha kuhusu mipaka ya ofisi yake. Alitafuta kwenye droo, akakuta chombo kimoja cha zamani, akakitumia.

Na Hispania? Jukwaa la Mestalla lilifungiwa mechi 5, rufaa ikapunguza hadi 3. Faini ya yuro 45,000 ikawa 27,000. Lakini Juni 2024 mahakama ya Valencia iliwahukumu mashabiki watatu kifungo cha miezi 8 na kutoingia viwanjani kwa miaka miwili. Haikuwahi kutokea Hispania mtu kuhukumiwa kwa ubaguzi ndani ya uwanja wa mpira. Kwa desturi ya nchi ile, kifungo kifupi kama hicho kwa asiye na rekodi husimamishwa, kwa hiyo msiwafikirie wakiwa wanakula maharage gerezani. Hata hivyo ni hukumu, imeandikwa. Na ni lazima niseme, maana ndiyo haki, kwamba La Liga ya Tebas ilikuwa miongoni mwa walalamikaji waliolisukuma jalada hilo hadi mwisho.

Lilisukumwaje? Kwa video. Kwa picha na sauti zilizochukuliwa jukwaani usiku ule: mikono inavyokwenda, midomo inavyokwenda, mlio unavyotoka. Kitu kilekile ambacho De Siervo alitaka kukizima ndicho kilichowatia watu hatiani Valencia. Ndiyo maana nilisema la picha iliyokatwa tuliweke kiporo. Refa hakuonyeshwa kabali, akatoa kadi kwa mtu asiyestahili. Mtazamaji asiposikizishwa jukwaa, naye hutoa kadi: huyu kijana analialia, huyu kijana ana maringo, mbona wenzake hawalalamiki. Nimeyasikia hayo kwa masikio yangu Kariakoo, tena kutoka kwa watu weusi kama mimi.

Jambo hili nalo lina upande wake wa pili, na wapenzi wa Valencia wakinisikia wangetaka niuseme. Usiku ule Carlo Ancelotti, kocha wa Real, alisema uwanja mzima ulikuwa ukiimba neno la nyani. Baadaye alikubali kwamba alijumlisha mno. Wengi waliimba tonto, maana yake mjinga, neno linalofanana sana na mono, nyani, likitoka kwa maelfu ya vinywa kwa pamoja. Mwaka 2025 filamu ya Netflix kuhusu Vinícius ilipotoka, na maandishi ya chini ya picha yakasoma mono, klabu ya Valencia ilidai yasahihishwe. Naona wana hoja. Uwanja wenye makumi ya maelfu si watu watatu, na anayeandika chini ya sauti ana kitufe mkononi sawa na anayeizima. Dawa yake ni kuisikiliza tena, polepole, kila mlio upewe mwenyewe.

Pale Temeke hakuna aliyejua Kihispania. Vinícius aliponyoosha kile kidole, kijana mmoja aliyekaa kwenye benchi la mbele aliuliza, "Kwani wanamwambiaje?" Mtu mzima mmoja nyuma, dereva wa malori aliyewahi kuishi nje, akamjibu, "Wanamwita nyani, mwanangu." Wachache wakacheka, kisha wakaacha. Mtangazaji alikuwa akiongea juu ya kelele za uwanja, hazisikiki vizuri. Mwenye kibanda akaacha kukusanya hela, akachukua rimoti iliyofungwa kwa mpira wa tairi, akaongeza sauti.